Chaja Inayokisia Mkondo

Dada Sofia,

Shikamoo kutoka Kigali. Huku mvua haikomi, na ukungu hautoki vilimani mpaka saa nne.

Nipo kwenye zahanati moja ya Kicukiro. Chaja ya betri za friji ya chanjo imeungua kipima mkondo chake, na kipya hakipatikani, vita imefunga barabara ya kaskazini. Basi nimeiandikia chipu yake programu nyingine: inasoma volti tu, na kwa hizo inakisia mkondo wa umeme unaopita. Imekubali. Ila kosa dogo hujilimbikiza, kwa hiyo kila mara lazima izimike kidogo, mkondo uishe kabisa, ianze kuhesabu upya kutoka sifuri.

Nesi, Mama Uwimana, aliniletea ndizi na maharage, akauliza, "Ikikosea, yenyewe iko najua?"

"Haijui, Mama. Inaendelea tu na hesabu yake."

Akafungua friji, akawa anazigusa chupa za chanjo kwa kiganja, moja moja. "Na mimi ni vile vile," akasema. "Bwana yangu iko ku rugamba, kule vitani. Kila siku nasema iko muzima."

Chakula kilinishinda. Tangu telegramu yako ile kwamba Baba yu mahututi, Dada, na mimi namkisia: leo kanywa uji, leo kakaa barazani. Wabusu watoto. Niandikie ukweli, usinipunguzie. Kama mmeshamzika, niambie.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi