Karatasi ya Neema ndani ya plastiki

Bukavu, siku ya tano

Na plastiki juu! Papa alienda kufunika karatasi ya Neema na plastiki isiyotoka, kwa sababu ya mvua, kabla université haijaipiga muhuri. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuipigisha.

Hiyo karatasi ndiyo inasema kwamba pesa ya masomo ambayo Neema, mudogo wangu, anaanza nayo mwaka huu haitapanda mpaka amalize. Bila muhuri, haina maana.

Nilimukasirikia Papa njia yote. Kule ofisini, maman mwenye muhuri alijaribu kupiga muhuri, wino ikateleza tu juu ya plastiki.

Maman akacheka pole pole. "Papa, muliogopa nini?"

"Maman, ule mutoto wangu mukubwa walimupandishia pesa mwaka wa tatu. Akabaki nyumbani."

Ule mukubwa niko mimi. Sikujua kama Papa angali anabeba ile neno.

 Maman akatoa karatasi ingine kama ile, akaipiga muhuri mara mbili. Mungu amubariki.

Wivu? Iko, kidogo. Na woga pia: kama kesho wanageuza masharti... Hapana. Leo niseme tu aksanti.

Ile ya plastiki, Papa ameitundika ku salon yetu, kwa musumari alioupiga mwaka nilipoanza université, wa kutundikia diplome yangu. Tangu hapo haujabeba kitu.

Neema alitaka kuiondoa. Nilimwambia: "Acha. Iko muzuri pale."