Kurasa Tulizozifuta Kwihara

Kaka Zuberi,

Arobaini yako tumeisoma juzi. Wageni wameondoka, na mimi nimebaki hapa Kwihara kwa mama yako, nimekaa kwenye baraza ileile tuliyokuwa tukitandika mkeka. Salma yuko uani anasugua masufuria ya kuazima ayarudishe kwa wenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. "Wewe ni mgeni, Nasta, kaa." Mgeni tangu lini? Basi nimekaa, nakuandikia.

Sikukuzika, kaka. Telegramu ilinikuta ofisini Dar es Salaam wewe ukiwa umeshalala. Nilipanda treni bila kiti, nikasimama koridoni mpaka Dodoma, nikaketi juu ya gunia la mtu mpaka Tabora. Nilipofika, mama yako alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwenzako hakuweza kukungoja." Sikulia njia nzima. Hapo nililia. Baada ya matanga nilirudi kazini, na sasa nimekuja tena kwa arobaini.

Jana Salma aliniuliza kazi yetu hasa ilikuwa nini. Miaka yote mliyooana, kumbe hakuwahi kukuelewa! Anasema ulikuwa ukianza kumweleza, unachukua kalamu, unachora visanduku, halafu unasahau kwamba yupo. Nikacheka mpaka nikaona aibu kucheka kwenye nyumba yenye msiba. Naye akacheka. Ikabidi nimweleze mimi.

Nilimwambia hivi. Ile kompyuta ya ofisini kwetu ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko kazi tulizoitwika. Kumbukumbu yenyewe iligawanywa vipande, tukaviita kurasa. Kazi ikiingia inapewa kurasa zake, na programu kuu, ile inayozisimamia nyingine zote, inaandika kwenye jedwali kwamba kurasa hizi ni za fulani. Kazi ikiisha, maandishi yale yanafutwa, kurasa anapewa mwingine. Kugawa hakukutusumbua hata siku moja. Kilichotutesa ni kufuta.

Kwa sababu wale wataalamu wa kigeni, kila aliyekuja aliandika njia yake ya kufuta akaondoka. Kulikuwa na njia ya kazi iliyokwisha. Nyingine ya kazi inayorudisha kurasa chache tu. Nyingine ya ukurasa unaohamishiwa kwenye diski, na nyingine ya ukurasa unaotumiwa na kazi mbili kwa pamoja. Njia nne zikifanya jambo lilelile, ila kila moja kwa mpangilio wake.

Salma akasema, "Sasa hapo kuna ubaya gani?"

Nikamkumbusha mwaka ule wa matokeo ya darasa la saba. Alikumbuka. Alikumbuka sura yako uliporudi nyumbani siku ile. Mtoto wa shule ya Choma alichapishwa na alama za mtoto wa shule ya Kilwa, na aliyefaulu akawa ameanguka. Bahati yetu mkaguzi aliona kabla karatasi hazijatoka chumbani. Mashine nayo hujiwekea nakala ya jedwali ili iende haraka, kwa hiyo ukishafuta lazima uiambie isahau. Njia mojawapo ilikuwa inaugawa ukurasa kabla mashine haijasahau kwamba ulikuwa wa mwingine. Mpangaji mpya anaingia, wa zamani bado anao ufunguo.

Ndugu Mkurugenzi hakutaka maelezo. Alisema chumba kifungwe, makarani wahesabu kwa mkono, naye ataamua kama mashine irudishwe ilikotoka. Sisi akatupa likizo. Nakumbuka ulivyokunja zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, programu nzima ya kumbukumbu, ukazisokomeza kwenye kikapu juu ya kanga ulizomnunulia mama. "Likizo ni likizo," ukasema, "lakini hizi zinakwenda na mimi."

Safari ile, kaka! Itigi tulinunua kuku wa kukaanga, ukamla mguu ukiwa umeshika kalamu mkono wa pili, mafuta yakadondokea kwenye jedwali. Mzee aliyekaa mbele yetu akauliza kama sisi ni wa sensa. Ukamjibu kwa adabu kabisa, "Karibu na hapo, baba."

Mimi nilikwenda kwanza Lusu kuwaona wazazi, halafu nikaja mjini kwa shangazi. Kila asubuhi nilipanda baiskeli yake kuja huku kwa njia ile ya zamani ya misafara, mchanga mtupu, nafika nimechoka na mama yako ananipokea kwa "mwangaluka" ambayo hata mama yangu mzazi hanisalimii kwa furaha vile. Sukari ilikuwa haipatikani, tukanywa chai kwa asali. Tulizitandaza karatasi barazani, tukazigandamiza kwa mawe na kwa sahani za michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga alizoleta Salma. Kuku walipita juu yake. Siku moja likasimama gari la watalii waliopotea njia ya kwenda kwenye lile tembe la Mzungu, ile nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho. Yule mama wa Kizungu akakodoa macho kwenye karatasi, akatukodolea na sisi. Ukamwonyesha njia kwa mkono, ukarudi kwenye mstari wako kama vile aliyepita ni mbuzi.

Mimi nilitaka turekebishe ile njia mbovu tu, turudi kazini haraka. Nilikuwa naogopa. Ndio kwanza nilikuwa nimemaliza mafunzo, na mashine ikirudishwa kwao, nami je? Ukanisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Nasta, tukiirekebisha hii, zitabaki njia nne. Na mtu wa kuzikumbuka zote nne hayupo. Mimi mwenyewe sizikumbuki."

Tukaanza kuzilinganisha, mstari kwa mstari. Wewe ukisoma, mimi nikiandika. Tukagundua kwamba zote zinapita kwenye jedwali kutoka mwanzo hadi mwisho, zote zinafuta, zote zinaiambia mashine isahau. Zinatofautiana mwisho tu, ukurasa ukishafutwa unapelekwa wapi. Basi ukachora njia moja. Pita, futa, weka kando. Ukimaliza kupita, iambie mashine isahau, mara moja kwa zote. Baada ya hapo tu ndipo kurasa zigawiwe. Karatasi zilizokuwa zimejaa baraza zikawa karatasi mbili.

Nikauliza, na ule ukurasa wa kazi mbili? Mmoja akiuacha, si tutamnyang'anya mwenzake?

Ukaweka kalamu chini. Ukaondoka ukaenda kutembea. Nikakuona unakwenda hadi kwenye zile nyumba mpya za kijiji walizohamishiwa watu wa bondeni, unarudi, unakwenda tena. Na mimi huku nimekaa na mama yako tunamenya karanga, likanijia. Kila ukurasa ubebe hesabu ya wanaoutumia. Anayeondoka anapunguza moja. Ikifika sifuri, ukurasa uko huru, haijalishi ni wa nani. Wala haihitaji njia yake.

Nilikukimbilia barabarani bila viatu. Uliposikia ulikaa chini palepale mchangani, mtu mzima na koti lako, ukacheka. Ukapiga kelele, "Salma! Mama! Njooni mwone alichofanya huyu!" Wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka. Hapakuwa na cha kuona, ni wewe tu uliyekaa chini unacheka. Mama yako akasema, "Kusoma sana huku..." akarudi jikoni.

Sijui kama niliwahi kukwambia nilivyojisikia. Hakuna mtu kabla yako aliyewahi kuita watu waje waone nilichofanya.

Tuliporudi Dar, Mkurugenzi alitupa alasiri moja ya kuijaribu mashine. Tuliingiza matokeo yote upya, makarani wakakaa na karatasi zao za mkono, wanasoma jina, wewe unasoma alama. Ulipofika kwa yule mtoto wa Choma ulinisogezea karatasi, ikabidi nisome mimi. Alama zilikuwa zake. Wote walikuwa na alama zao. Mkurugenzi akasema, "Haya, ibaki kwanza," akaenda zake, na wewe ukaninunulia soda baridi kama vile tumepandishwa vyeo.

Haya, sasa nikupe habari za baada yako.

Lukas, kijana aliyepewa meza yako, alikuja na diski mpya, akataka kuiandikia njia yake ya kufuta. Sikubishana naye. Nilimpa karatasi zetu mbili akae nazo. Kesho yake alirudi akasema, "Dada, nimeona haihitajiki." Ungempenda. Ni mbishi, lakini anasoma.

Na mashine imezimwa, kaka. Haikuharibika. Fedha za kigeni za vipuri hazipo, ikaamuliwa kazi zirudi kwa makarani. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Tulimaliza matokeo ya mwaka huu, kazi ya mwisho ikatoka, na kabla sijazima niliiagiza ichapishe kurasa ambazo bado zimeshikwa. Kichapishi kikatoa mstari mmoja tu. Hakuna. Kurasa zote zimerudi, hakuna hata moja iliyosahaulika imeshikwa na mtu aliyekwishaondoka. Nilisimama pale na kile kikaratasi, Lukas ananingoja mlangoni na funguo, nikatamani mno kumwita mtu aje aone.

Nilidhani ningeumia kuona kazi yetu inazimika. Niliumia, sitakudanganya. Lakini kuna mtoto kule Choma aliyekwenda sekondari na hajui kama tuliwahi kuwapo, na hilo hawawezi kulizima.

Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua. Anakutaja kwa jina la utotoni. Salma anakula kidogo, lakini anakula.

Jambo la mwisho sijamwambia mtu, hata shangazi. Nimeomba nifundishe hesabu kwa wasichana hapa Tabora, na nimekubaliwa. Shule ikifunguliwa nitakuwa darasani. Mimi kanisa, wewe msikiti, kwa hiyo dua yangu utaipokea kwa Kinyamwezi, Mungu anatusikia sote. Nakuahidi hivi. Msichana wa kwanza atakayeona kitu ambacho mimi sikukiona, sitamwambia tu, "Vizuri, kaa chini." Nitatoka nje niwaite walimu wote waje.

Pumzika, Kaka Zuberi.

Mdogo wako wa kazini,
Nasta