Ulihesabu Baiskeli, Baba

Kwako Baba, ambaye nyumbani tulikuita Papa,

Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Nilikwenda mtoni peke yangu, kwa baiskeli yako, na nimerudi na sufuria ikiwa karibu imejaa. Nina miaka hamsini na miwili na bado sijui kupika bukari ya mtu mmoja. Mkono wangu umezoea unga wa watu watano. Nikiuambia upunguze, hausikii. Leo asubuhi nimekula bukari ya jana na mboga ya sombe ya jana, nimesimama jikoni, halafu nikachukua daftari la shule na kuanza kukuandikia.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Lina umri wa miaka arobaini na minne. Nitalifikia, ila niache kwanza nizunguke kidogo, maana unanijua, sikuzaliwa jasiri.

Unakumbuka karatasi zako? Wiki nzima ulikaa stesheni ukiandika saa za treni, na siku ya mapumziko badala ya kupumzika ukaandika saa zetu sisi. Ulizibandika kwenye mlango: kuondoka saa kumi na mbili na nusu, kufika saa mbili na nusu, chakula saa sita, kurudi saa tisa kamili. Ulivaa kofia yako ya kazi hata kwenye matembezi. Mama alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la makaa, anakutazama wewe umesimama mlangoni na saa mkononi, anasema, "Treni yako iko juu ya mbabula, Papa Banza. Itatoka wakati itaiva." Na ilitoka ilipoiva, siku zote, na wewe ukafuta saa uliyoandika na kuandika nyingine ili karatasi isiseme uongo.

Tulitembea, Baba! Watu wanadhani waliozaliwa Kamina wamekaa tu wakitazama treni zikienda kwa wengine. Mwaka Mpya ulitupeleka kijijini kwa ndugu zako, kuku amefungwa kwenye usukani, kichwa chini, akituangalia njia nzima kama aliyejua mwisho wa safari. Tarehe thelathini Juni, siku ya uhuru, tulikwenda kuona gwaride, na ulinibeba mabegani hadi nikawa mzito. Mara moja ulitupeleka Bukama kwa treni ili tuuone mto Lualaba, na mdogo wangu Ngoie akalia kwa sababu alidhani maji yale yote yanakuja nyumbani kwetu. Lakini siku yetu hasa ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na mahali petu palikuwa mtoni, chini ya daraja la reli. Saa mbili za baiskeli kwenye njia ya mchanga, nyasi zimenipita kimo pande zote mbili, na mama mmoja njiani akiuza karanga za kuchemsha ambazo zilikuwa zimekwisha kabla hatujafika popote.

Sasa ndiyo siku ile. Nilikuwa na miaka minane.

Baiskeli, makinga kama ulivyoziita, zilikuwa tatu. Wewe ulimbeba Mama, na Ngoie mgongoni kwa Mama. Kaka yangu Banza, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na kiburi cha miaka ishirini, alinibeba mimi. Mjomba, mdogo wake Mama, alibeba vyungu. Siku iliyotangulia, kanisani, nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote na kusoma zaburi kwa kichwa, mstari hadi mstari, bila kukwama. Ulinishika shavu mlangoni mwa kanisa ukasema, "Kesho kule mutoni utaisema tena, bote tusikie muzuri." Sikulala vizuri kwa furaha. Njia nzima nyuma ya Banza nilikuwa naisema kimoyomoyo, na kila gurudumu lilipoingia mchangani nilianza upya.

Tulipofika, ulimsifu Banza kwa miguu yake. Ulimsifu tena wakati wa chakula. Ngoie alianguka matopeni, kila mtu akacheka na kumnawisha na kumbusu. Mjomba alivua samaki mdogo kama kidole, ikawa hadithi ya saa nzima. Mimi nilikaa karibu nawe, nimenyoosha gauni, nikingoja. Saa tisa ikafika, ukasema tufunge vitu. Zaburi hukuiuliza.

Nakumbuka lile tanuru la matofali pale juu ya ukingo. Watu walikuwa wameyachoma matofali, bado hawajayachukua. Nilikwenda nyuma yake, nikachuchumaa. Nilitaka kuona ni nani atakayesema kwanza, "Umba iko wapi?" Nilikuwa nimeshapanga na jibu: ningetokea polepole, nimenuna, na wewe ungesema, "Zaburi! Nilisahau zaburi!" Nilikuwa na hakika kabisa ungesema hivyo.

Kupitia upenyo wa matofali niliwaona mnapakia. Vyungu vilikuwa vitupu, vyepesi, vingine vikahamia kwa Banza, kwa hiyo Banza alidhani nimepanda kwa Mjomba. Mjomba alidhani niko kwa Banza kama asubuhi. Na wewe, karani, ulisimama mbele, ukanyoosha kidole: moja, mbili, tatu. Baiskeli tatu zilikuja, baiskeli tatu zinarudi. Ukapiga filimbi kwa mdomo, mkaondoka.

Unanisikia, Baba? Mlipita hatua kumi kutoka mahali nilipokuwa. Niliziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilijiambia mtageuka kwenye kona. Baada ya kona nikajiambia mtageuka kwa mama wa karanga. Halafu nyasi zikanyamaza. Nilitoka, nikakaa juu ya matofali, na nikaisema zaburi yote kwa sauti, nikiwa na hasira, nikiwaambia maji. Nilipomaliza hapakuwa na mtu wa kusema amina. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Ulirudi jua likiwa limekuwa jekundu. Ulikuwa peke yako, bila kofia, suruali imechanika gotini, umeanguka sijui mara ngapi kwenye mchanga ule. Uliitupa baiskeli chini, wewe ambaye ulikuwa unaifuta kwa kitambaa kila Jumamosi. Ulinishika kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayehakiki mzigo uliotoka mbali. Kisha ukalia. Nilikuwa sijawahi kuona machozi yako. "Nilihesabu makinga, Umba," ulisema. "Nilihesabu makinga, sikuhesabu bantu." Uliyarudia maneno hayo mara nyingi sana. Ndipo ukaniuliza, "Ulilala, mama? Usingizi njo ilikukamata?"

Jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Niliona tu uso wako na nikaogopa. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nililala.

Basi, ni hilo. Sikulala. Nilijificha.

Kama ningesema, ungenikaripia siku moja, mambo yakaisha. Badala yake ulijikaripia miaka arobaini. Tangu Jumatatu ile ukaanza kuita majina. Hatukutoka uani bila wewe kufungua daftari na kusoma, na kila mtu ajibu "Présent!" kama darasani, Mama pia, na Mjomba pia, mtu mzima mwenye ndevu. Ulituita kwenye gwaride, watu wakigeuka. Ulituita nje ya kanisa kila Jumapili, hatua mia tatu kutoka nyumbani. Banza alitaka ardhi ipasuke immeze. Majirani wakakupa jina, Papa Appel, baba wa kuita majina, na ukalipokea kwa kuinua kofia. Jina langu ulilisoma mwisho, na ulikuwa huridhiki na sauti tu. Uliinua macho kutoka kwenye daftari, ukanitazama, ndipo ukatia alama.

Nitakuambia kitu kibaya zaidi. Nilipenda. Mtoto wa katikati asiyeulizwa zaburi yake alikuwa amepata baba anayemtazama kila wanapotoka. Ndiyo maana sikusema nikiwa na miaka tisa, wala kumi na mbili. Baadaye nikawa mwalimu, nikajua thamani ya ukweli, nikawafundisha watoto wa watu wasiseme uongo, na bado sikusema, kwa sababu ulikuwa umeshaisimulia hadithi ile kwa watu wengi. Uliitoa kama ushuhuda kanisani, nami nimekaa kwenye kwaya, nikitazama viatu vyangu. Ningefanyaje? Ningesimama?

Halafu ile wiki yako ya mwisho. Banza na Ngoie walikuwa bado njiani. Nilikuwa nakunywesha chai kwa kijiko. Ulisukuma kijiko, ukasema, "Umba, ile siku ya mutoni. Unisamehe." Nikakujibu, "Nilishakusamehe, Papa." Ukafumba macho, ukapumua vizuri, na mimi nikaona kama nimekufanyia wema. Miaka miwili sasa jibu lile halinipi raha. Nilikusamehe kosa ambalo lilikuwa langu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nikapita pembeni yake na kijiko cha chai mkononi.

Mwaka huu Banza na Ngoie walisema watakuja kwa Pasaka, twende mtoni sisi watatu, na watoto wao. Nilifagia ua mara tatu. Nilipaka mafuta mnyororo wa baiskeli yako. Alhamisi Banza alipiga simu kutoka Lubumbashi: kazi imemshika. Ijumaa Ngoie akapiga kutoka Kolwezi: mtoto ana homa. "Yaya, tutakuya mwaka yenye kuya," alisema, maana bado ananiita Yaya, dada mkubwa. "Utusamehe, tunakuachaka pale Kamina peke yako." Nikamwambia hakuna shida, niko sawa, nina kazi nyingi za kusahihisha. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti chako. Nyumba hii ina viti sita, Baba, nami nimevikalia vyote kwa zamu ili kisiwepo kinachonung'unika.

Nilikwenda hata hivyo. Mama wa karanga hayupo siku nyingi. Sasa pikipiki zinapita pale zinarusha mchanga. Daraja lipo. Tanuru halipo, yamebaki matofali mabovu machache na majani yameota juu. Nilitandika kitenge, nikala kidogo. Nilikaa pale hadi saa tisa, halafu saa tisa ikapita na nikashindwa kuinuka. Mwanamume mmoja alipita anasukuma baiskeli ya makaa, magunia yamempita urefu. Akasimama apumue, akanisalimu, akaniuliza, "Mama, unangojea nani hapa?"

Nikasema, "Niko nangojea papa yangu."

Akatazama mvi zangu. Hakucheka. "Bon," alisema, "asikawie. Mvula iko inakuya." Akaendelea kusukuma.

Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, na shanga zangu za sikukuu shingoni. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa palepale, nikifanya kilekile: nimewaambia watu waende, niko sawa, kisha nikakaa nyuma ya matofali nikisubiri nani atauliza niko wapi. Miaka arobaini na minne na sijatoka mafichoni. Na wewe, ambaye ungegeuza baiskeli, huwezi tena kurudi.

Nikasimama nikasema zaburi yote, bila kukwama. Mvua ilinikuta njiani.

Nimempigia Ngoie asubuhi hii, kabla ya kukuandikia. Nimemwambia siko sawa. Nimemwambia hawakuniacha, mimi ndiye niliyesema hakuna shida, na kwamba shida ipo, na ninataka waje, wasingoje Pasaka.  Kisha akasema, "Yaya, mbona haukusemaka?"  Amesema atampigia Banza. Kama watakuja sijui. Lakini wameshajua niko wapi.

Na wewe nimekuambia. Daftari lako liko mezani hapa, lile la majina, na kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, uliandika kwa kalamu nyekundu: "Nilimwacha Umba." Nimelifunga mara nyingi nilipofika hapo. Leo nimeyakata maneno hayo kwa mstari, kwa rula, jinsi ulivyopenda, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu ili karatasi isiseme uongo: hakuniacha, nilijificha.

Pumzika sasa, Baba. Usirudi tena njia ile ya mchanga kunitafuta.

Présent.

Mtoto wako wa katikati,
Umba