Swali Nililolipeleka Jukwaani

Mama,

Ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza na nimekaa jikoni kwako, kwenye kile kibao kifupi ambacho hukutaka mtu mwingine akikalie. Nimekikalia. Usinitazame hivyo. Mjukuu wako yuko nje anawapikia mawe na majani wageni wake wasioonekana, na maharagwe ya kweli yako motoni, kwa hiyo nina muda kabla hayajaiva. Tangu uondoke nimeanza barua hii mara nne. Kila mara nafika kwenye neno "samahani", nasimama, naenda kuosha sahani ambazo ni safi.

Leo lazima niimalize, kwa sababu Jumamosi natakiwa Beni. Unamkumbuka Noëlla, yule aliyeanza nasi hapa Butembo kabla ya kuolewa Beni, anayecheka kabla hajasema? Sasa yeye ndiye anayeandaa Alasiri ya Mama kule. Ameniandikia: "Bamama beko naomba tu ile ya Masika," yaani mchezo wangu. Sijamjibu. Nimeona kabla ya kumjibu yeye niseme na wewe, ambaye hukuniuliza kitu.

Tulianza wanawake watano, ngoma mbili, na kipaza sauti cha kuazima kilichokohoa kuliko kilivyoongea. Tulitaka alasiri moja watu wakae wasikilize habari za umama kama zilivyo: uchungu, maziwa yasiyotoka, mtoto wa kwanza anayekutia hofu, mama mkwe. Nyimbo, michezo mifupi, mashairi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Sasa muko natengeneza théâtre ya kuzala? Mimi nilizalaka bila kupigiwa makofi!" Halafu ukatuazima sufuria zako zote, na kitenge chako cha kijani kikawa pazia.

Siku ya mazoezi ulituletea chai, ukamkuta Noëlla amejifunga mwanasesere wa matambara mgongoni, ukashindwa kuvumilia. "Habamubebake mutoto vile, ataanguka. Leta." Ukajifunga wewe. Ukazunguka naye ukumbi mzima, ukimpigapiga taratibu, ukimwimbia kwa Kinande kitu ambacho hukuwahi kuniimbia mimi, na chai ikapoa. Sisi tulikuwa tunacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nije kwenye jina. Kwetu Wanande msichana hachaguliwi jina, hulipata kwa zamu yake: wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira. Mimi ni Kavira, na nyumbani kwetu hakukuwa na aliyenitangulia. Hapa Butembo, anayesikia jina langu anajua kuna Masika mahali. Watu walidhani ameolewa mbali, nawe uliwaacha wadhani hivyo. Sokoni, nyuma ya magunia yako ya maharagwe, ulikuwa Mama Kavira, basi. Nilipokuwa na miaka kama saba nilikuuliza Masika yuko wapi. Ulisema, "Alilala," ukanipa ungo wa maharagwe nichambue. Mwaka uliofuata nikauliza tena, na ungo ukaja tena. Nikaelewa kwamba ungo ndio jibu, nikaacha kuuliza.

Halafu nami nikazaa msichana. Ni wa kwanza, kwa hiyo Masika, hakuna mjadala. Baba yake alipokwenda Bunia kutafuta kazi tulirudi kukaa kwako, na kwa miaka mitatu hukumwita kwa jina lake hata siku moja. Ulimwita Madame. "Madame ameamuka? Madame hapana kula sombe leo?" Nilidhani ni utani wa nyanya na mjukuu. Mimi ninayejidai kuwatazama watu ili niwaigize, nililala nyumba moja na jambo hilo nisilione.

Na kuna Mukaka, mama wa baba, aliyehama nasi kutoka Luofu akakaa nasi mpaka alipofariki. Kila uliporudi, hata kama ulikuwa bombani tu, alikuuliza neno lilelile akiwa kitini: "Ulikuwa wapi?" Hakungoja jibu, nawe hukumpa. Nilikuwa hodari wa kumwiga, ile sauti ya puani, kidevu juu. Watoto wa jirani walijitupa chini kwa kucheka. Wewe ulinifukuza jikoni kila nilipomwiga, nikafikiri unamtetea mkwe wako.

Mwaka jana niliandika mchezo wa mtu mmoja, "Wa Pili". Nilikuwa nimechoka kuigiza maisha ya akina mama wengine, nikataka kitu cha kwangu. Ni habari ya msichana anayetembea na namba mbili maisha yake yote akimtafuta namba moja, ambaye aliambiwa tu kwamba "alilala". Mwishoni niliweka swali, kwa sauti ya Mukaka: "Masika yuko wapi? Na wewe, ulikuwa wapi?" Sikujua nauliza nini. Nililiweka kwa sababu ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba yetu, na kwa sababu lilikaa vizuri mdomoni. Wewe sikukuomba ruhusa. Nimejitetea sana tangu hapo: kwamba jina ni langu pia, dada ni wangu pia, kwamba nilitaka iwe zawadi. Uongo mtupu. Kama ilikuwa zawadi, mbona nilifanya mazoezi nimefunga mlango? Nilijua ungenipa ungo.

Nikakuweka benchi la mbele. Ulikuwa umevaa kitenge cha Pasaka na umepaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa. Ulicheka kwenye mchezo wa mama mkwe, uliimba na wengine. Halafu nikapanda mimi. Nilipofika mwisho nilishuka jukwaani, jambo ambalo hata kwenye mazoezi halikuwemo, nikasimama mbele yako, kidevu juu, nikakuuliza. Ulikifungua kitambaa chako cha kichwani ukakifunga upya, polepole, na hakikuwa kimelegea. Kisha watu wakasimama, wengine wanalia, makofi yakajaa, nawe ukapiga. Mara mbili. Nilikuwa nakutazama mikono, kwa sababu nilitaka makofi yako kuliko ya wote. Halafu ukairudisha mapajani.

Hukuondoka. Ulipanga mabenchi, ukaosha sufuria, ukanibebea begi. Njiani ukasema, "Sauti yako inasikikaka muzuri, mupaka nyuma." Nami nikasema asante. Nikasema asante, Mama!

Wiki hiyohiyo wakaanza sokoni. "Mama Masika, pole." "Mama Masika, jipe moyo." Hawakuwa wabaya, walikuwa na huruma, na huruma yao ilikungoja kila asubuhi kwenye magunia. Ulihamia upande wa wauza viazi. Wakakufuata na pole zao. Halafu ukasema miguu inauma, halafu ukaacha kwenda. Mimi wakati huo naitwa huku na huku, Oicha wananitaka, Beni wananitaka. Nilikuwa na furaha miezi ile, lazima na hilo nikuambie. Uliposema kifua kinabana nilikununulia dawa ya kikohozi nikakimbilia mazoezini.

Asubuhi ya safari ya Beni, Mama mudogo Katungu alikuwa ameshafika kukuuguza. Nilisimama mlangoni na begi, nikitaka uniambie nisiende ili nikasirike niende. Ukasema, "Enda, batu banakungojea. Madame atabakia na mie." Saa tisa mchana nilikuwa mbele ya akina mama wa Beni, kidevu juu, simu imezimwa begini. Nilipoiwasha ilikuwa imejaa majina ya watu wa nyumbani, nikajua kabla ya kupiga.

Nilifika kesho yake asubuhi. Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka uani, wakasogeza miguu nipite. Nikangoja mmoja wao aniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa hata na jibu, nililitunga njia nzima. Hakuuliza mtu. Siku ya kwanza, ya pili, walinipa uji, walinishika mkono, walinifunika khanga, na lile swali hakuna aliyeligusa. Nikafikiri wananidharau kiasi kwamba hawana hata la kuniuliza.

Siku ya tatu, tukisugua masufuria kwa majivu, Mama mudogo akaniambia. Mlikuwa Luofu. Baba anaumwa, shamba halikutoa kitu, nawe ukachukua maharagwe ya watu kwa mkopo ukapanda lori kwenda kuyauza Kasindi. Masika alikuwa ameanza kutembea. Ulimwacha mzima, mikononi mwa Mukaka. Wakati wa kurudi lori likazama kwenye matope siku tatu, na homa haikungoja siku tatu. Walikusubiri mpaka waliposhindwa, wakamzika kando ya mikaratusi. Ulishuka na kigauni cha njano ulichomnunulia, na Mukaka alikuwa mlangoni. "Aliuliza siku ile," alisema mdogo wako, "akaulizaka mupaka kufa kwake."

Kigauni cha njano ninakijua. Ndicho nilichovaa kwenye picha ya ubatizo.

Nilikaa pale na majivu mpaka kwenye viwiko. Nilikuuliza mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti yake, kwa kidevu chake. Mtu aliyekwenda kumtafutia mtoto wake chakula! Naona aibu, Mama. Naona aibu nikila, nikisali, nikiitwa dada na wasichana wa kikundi. Na nikuambie baya zaidi, kwa kuwa nimekwishaanza: Mama mudogo alipokuwa anasimulia, machozi yananitoka kweli, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa tayari inapanga mahali pa kuvuta pumzi, mahali ngoma itanyamaza. Matope, kigauni, mlango. Nilijisikia kabisa nikiyapanga. Niliinuka nikaenda kujificha nyuma ya choo, wakadhani naenda kulia.

Juzi nikamwuliza Mama mudogo kwa nini siku za matanga hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Akashangaa, alidhani nimeshaambiwa. Saa nane mchana siku ile, pumzi yako ilipoanza kukatika, walitaka kunitafuta kwa simu nyingine, simu ya Noëlla. Ukakataa. "Hapana kumuita. Mumuache amalize kazi yake." Ukaomba uletewe mtoto. Ukasema, "Masika, kuya huku." Kwa jina lake, mara ya kwanza, naye akapanda kitandani na viatu vyake vyenye matope. Ukamlaza kifuani. Halafu ukawatazama wote waliokuwa chumbani, mmoja mmoja, ukasema:

"Kavira akifika, hata mutu moya asimuulize alikuwa wapi."

Mama.

Maharagwe yamekaukiwa, nimeongeza maji. Sijui ni mara ngapi nimeisoma sentensi hiyo tangu niiandike.

Haya. Beni nitakwenda, kwa sababu Noëlla ameshapata karatasi ya ruhusa na akina mama wameshafanya mazoezi ya nyimbo zao, na si kosa lao. Nitapiga ngoma, nitapanga mabenchi, nitacheza mama mkwe. "Wa Pili" sitauigiza. Makaratasi yake yako hapa chini ya sufuria, ndiyo yaliyowasha moto. Wakinung'unika, nawe unawajua watu wa Beni, nitawaambia mwenyewe hakuruhusu. Habari ya Kasindi nayo haitapanda jukwaani kwa mdomo wangu, hata nikizeeka, hata wakisema itawasaidia wengine. Nimeiandika hapa tu, na karatasi hii itakaa kwenye sanduku lako chini ya vitenge. Na mama mwingine yeyote, kabla sijagusa habari yake, nitakwenda jikoni kwake nikamwulize, mlango wazi. Akinipa ungo, nitachambua maharagwe yake mpaka yaishe, nitashukuru, nitarudi nyumbani.

Njia ya Luofu bado si salama kupita. Siku itakapotulia nitakwenda na mjukuu wako mpaka kwenye mikaratusi. Bila ngoma. Mama mudogo amesema atatuonyesha.

Madame ameingia sasa hivi, mikono michafu. Anasema wageni wake wameshiba mawe, yeye anataka chakula. Nimemwita Masika, akageuka haraka. Tangu siku ile analipenda jina lake.

Lala, Mama. Umekalia kibao hiki kifupi miaka mingi bila kuegemea kitu, sasa egemea. Mwambie dada yangu kwamba kigauni chake nilikivaa mimi, na kilinitosha. Na yeye akikuuliza ulikuwa wapi, mjibu. Yeye atakusikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi, wa pili wako,
Kavira