Ukurasa Unaompandisha Mama Polepole

Dada yangu,

Mama amepona mafua, na paa la karakana halivuji tena. Kwa mengine tunashukuru.

Umenifokea kwamba tovuti ya karakana inakwenda mwendo wa kinyonga, wateja watatukimbia. Ni mama aliyeniomba iende hivyo. Picha za marehemu baba nilizipanga humo kwa kufuata miaka, na ya mwisho iko chini kabisa. Mama huanzia hapo, hubonyeza kitufe cha kurudi juu, naye baba huzidi kuwa kijana mbele ya macho yake. Ndiyo maana nikapunguza kasi kwenye programu-jalizi inayotelezesha ukurasa.

Karibu na juu kuna ile picha baba amekubeba mabegani. Hapo mama alikuwa akigusa kioo cha simu ili isimame, lakini ukurasa ulipita tu. "Wamenipita tena," alikuwa akisema, kisha anaanza upya.

Nikamhurumia, nikaurekebisha usimame ukiguswa. Heri ningeuacha. Sasa hafiki juu tena. Anabaki hapohapo, kidole juu ya viatu vyako vidogo, akiniuliza: "Alipokuja kutoka huko mbali, babake hakumkuta hai. Mimi je, atanikuta?"

Nimjibu nini, dada?

Mdogo wako, aliyekaa naye hapa