Nilinyamaza Katikati ya Alhamdu

Musallam ndugu yangu, leo magharibi, katika chumba cha sala cha ghala letu hapa bandarini Jebel Ali, nimenyamaza katikati ya Alhamdu. Mimi, imamu wa wenzangu wa kazi. Alhamdu, sura ya kila rakaa!

Irshad alinizindua kutoka safu ya nyuma, akaisoma aya kwa sauti. Nilimsikia, lakini sikujua anataka nini kwangu. Akairudia. Adib akasogea mbele, akaikamilisha sala.

Baadaye Irshad akanitania, "Sheikh, hata bintiye Adib wa chekechea anaijua!" Hakuna aliyecheka.

Msimamizi wetu, Bassam, akanivuta kando. "Ami Shakir, tangu ulipomwosha Yunus, umelala?"

Yunus, yule mwenzetu aliyeangukiwa na shehena. Siku ile tulimzika asubuhi, adhuhuri tukarudi kupanga makasha palepale alipofia.

Nikamjibu, "Mimi mzima."

"Khalas, basi, ami. Kesho usije kazini, nenda kwa daktari wa akili. Mshahara wako upo. Nikikuacha hivi uinue makasha kwa foklifti, nitakuzika na wewe."

Sikulia, Musallam, wala sikuona haya. Sihisi kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Kesho nisindikize. Daktari akiniuliza panaponiuma, sijui nitamwonyesha wapi.