Toba ya Mama Mkwe Kanisani Balige

Rumondang, pokea simu! Nimetoka kanisani nina hasira hizo!

Mchungaji kasema anayetaka kumfuata Yesu aje mbele atubu. Nani kanyanyuka? Mama mkwe! Magoti yanayomuuma kila siku yakapona hapo hapo.

Kashika maikrofoni, machozi tele: "Bwana nisamehe, nimemchukia mkwe wangu miaka sita."

Nikalainika. Kweli tena, nikalainika!

Akaendelea: "Ni mvivu, Bwana. Samaki anayempika kwa viungo vya arsik ananuka tope, hata mbwa anamkimbia. Lakini leo namsamehe."

ANANISAMEHE! Anatubu yeye, mkosaji mimi!

Mchungaji akauliza, "Kanisa mnasemaje?" Wote: "Amina!"

Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, shoga, ni Togar. Mume wangu.